Dobi wa Chumba cha Nyuma

Kila Jumamosi saa tisa alasiri wazazi wetu waliingia ukumbi wa mbele, na sisi tukazunguka kwa nyuma, tukafuata njia ya kokoto mpaka darasa la chekechea. Ndicho chumba tulichopewa. Siku za wiki lilikuwa la watoto wa miaka minne. Jumamosi lilikuwa letu, vijana kumi na mmoja wa miaka kumi na tatu hadi kumi na saba, tumekaa kwenye viti vya kitoto magoti yakigusa kidevu, ukutani picha ya kuku na herufi K, picha ya samaki na herufi S. Mpaka leo nikinusa chaki za rangi, moyo unanirudisha pale, na ninajikuta natabasamu peke yangu kama mtu aliyechanganyikiwa.

Ukumbi wa mbele kilikutana kikundi cha watu walioacha pombe, na wale waliokuwa bado wanapambana nayo, pamoja na wake na waume zao. Sisi tulikuwa watoto wao. Kila mmoja alikuja na lake. Kuna aliyezoea kujificha chini ya kitanda na wadogo zake, kuna aliyemvua baba yake viatu mlangoni tangu ana miaka sita. Mimi nilikuwa bingwa wa kusikiliza hatua. Baba yangu alikuwa seremala, na kabla hajashika kitasa nilishajua kwa mwendo wake kama leo tutakula kwa amani au kila mtu atakimbilia kona yake.

Chumba cha nyuma ndipo mahali pa kwanza nilipoyasema hayo kwa sauti, na hakuna aliyeshtuka. Msichana mmoja tuliyemwita Kijiti kwa wembamba wake alisema tu, "Wa kwetu alikuwa anakohoa kwanza," tukacheka wote mpaka machozi yakatutoka. Watu wengine wangetuonea huruma. Sisi tulicheka, na kicheko kile kilinitibu kuliko pole zote nilizowahi kupewa.

Mimi waliniita Chiriku. Kunifungua mdomo ilikuwa rahisi, kunifunga ndiyo shughuli.

Mlezi wetu alikuwa mkuu wa chumba cha kufulia cha hospitali, kwa hiyo yeye tukamwita Dobi, naye akaitika bila kinyongo. Mwanamke mfupi, mpana, mikono imebabuka kwa maji ya moto na klorini. Mumewe alikuwa ameuawa na pombe, na watu walipomuuliza mbona haolewi tena, alijibu, "Nimefua mashati ya mwanamume mmoja, yanatosha." Msaidizi wake alikuwa Fundi Saa, mzee mwembamba aliyetengeneza saa za mkononi kwenye kibanda cha kioo karibu na posta. Huyo kwa mwezi alisema maneno kumi, na matano kati yake yalikuwa salamu. Alikaa karibu na mlango, miguu ameikunja, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Walikuwa wawili kwa sababu Dobi alikataa kukaa nasi peke yake. Hiyo ilikuwa kanuni ya kwanza: watu wazima wawili, siku zote. Fundi Saa alipougua homa wiki moja, Dobi alituambia kikao hakuna, akatupeleka ukumbi wa mbele tukakae na wazazi wetu. Kanuni ya pili, mlango ubaki wazi. Aliuwekea tofali. Mvua ikinyesha kwa upepo, maji yaliingia mpaka kwenye miguu yetu, na tofali lilibaki palepale. Kanuni ya tatu, chooni ni wawili wawili. Ya nne, hakuna mtu mzima wa kumpa kijana lifti wakiwa wawili tu, hata kama jua linachoma vipi. Na alituhesabu. Tukiingia alituhesabu, tukitoka alituhesabu, katikati pia akipata nafasi.

"Kazini kwangu mashuka yanahesabiwa yakitoka na yanahesabiwa yakirudi," alituambia siku Kijiti alipomlalamikia. "Likipungua moja sisemi litaonekana. Nalitafuta."

"Lakini sisi si mashuka, Dobi."

"Ndiyo maana nahesabu mara tatu."

Tulimchukia kwa mapenzi, kama vijana wanavyowachukia wanaowajali. Nyuma ya mgongo wake tulimwita Askari, na Kijiti alikuwa na igizo lake la Dobi akihesabu kuku mabandani, lililotuvunja mbavu.

Yule tuliyempenda bila manung'uniko alikuwa Kaka Redio. Alikuwa mwalimu wa udereva, mtu wa miaka thelathini na kitu, na sauti yake ndiyo iliyompa jina. Akisimama ukumbi wa mbele kusimulia alivyokuwa mlevi, watu walicheka mpaka wakashika matumbo, halafu ghafla kimya, halafu unasikia mtu anapenga kamasi. Alikuwa ameacha pombe miaka tisa. Na kwetu nyumbani alikuwa zaidi ya hapo, kwa sababu yeye ndiye aliyemtoa baba yangu mtaroni. Simaanishi mtaro wa mfano. Alimkuta amelala kwenye mtaro wa barabara, akamwosha, akamleta. Kisha kwa siku arobaini alikuja kila alfajiri saa kumi na mbili, akatembea na Baba mpaka karakana kwa njia ndefu ya kuzunguka, ili wasipite mbele ya baa hata moja. Mama alimtengea kikombe chake peke yake kabatini. Mimi nilikuwa naona kama Mungu ana ndugu duniani, basi ni yule.

Kila mwaka wakati wa likizo kulikuwa na kongamano. Vikundi kutoka miji mingi vilikutana siku tatu kwenye chuo cha ualimu kilichofungwa, watu mia tatu na zaidi, magodoro, mabakuli, vipaza sauti vinavyopiga mluzi. Mwaka niliotimiza miaka kumi na mitano niliruhusiwa kwenda kwa mara ya kwanza. Dobi alitupa fomu za kusainiwa na mzazi, zenye nafasi ya kuandika unaumwa nini, unalala na taa au bila taa, na jina la jirani ambaye mzazi asipopatikana ataitwa. Baba alisema fomu ile ilikuwa ngumu kuliko ya kuombea kazi.

Asubuhi ya kwanza, mbele ya bweni la wasichana, Dobi alitugawia beji. Vijana tulikuwa na utepe wa njano. Walezi walikuwa na utepe wa kijani, na hao walikuwa wachache. Walikuwa wameulizwa habari zao mpaka kazini na kwa majirani kabla ya kupewa.

"Mtu mzima asiye na utepe wa kijani akikuita pembeni, hata kama ni mjomba wake malaika, unasema: 'Ngoja nimwite mwenzangu.' Semeni."

"Ngoja nimwite mwenzangu," tukaimba, tukicheka.

"Chekeni. Lakini semeni tena."

Kaka Redio hakuwa na utepe wa kijani. Dobi alikuwa amempa fomu ya walezi mara mbili, naye mara mbili akaipoteza, akafanya mzaha kwamba karatasi na yeye hawajawahi kupatana. Watu walicheka.

Lakini lazima nirudi nyuma kidogo. Wiki tatu kabla ya kongamano, Kaka Redio alikuwa ameiambia kamati kwamba siku ya mwisho kijana mmoja apande jukwaani aseme, na kwamba kijana huyo awe mimi. Akaniletea daftari lenye jalada gumu la kijani kibichi, niandikie hotuba. "Wewe umekomaa kuliko wenzako," aliniambia. "Wale bado watoto." Nani wa miaka kumi na mitano asiyetaka kusikia hivyo? Nilivimba kichwa. Kila tulipokutana alikuwa na neno dogo la pembeni, na mara nyingi neno lenyewe liliishia hivi: "Hili tusimwambie Dobi. Yeye anahesabu vichwa tu, yaliyomo ndani ya vichwa hayajui." Nilicheka. Nilijisikia mrefu.

Siku ya pili ya kongamano, wakati wa chakula cha mchana, alipita karibu na meza yetu na sahani yake, akainama kama anachukua chumvi.

"Jengo la maktaba, juu kabisa, chumba cha mwisho. Tufanye mazoezi. Usije na Kijiti, mtaishia kucheka."

Nilimwambia Kijiti nimeitwa na Baba. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake, na ulitoka laini kama mafuta.

Chumba kile kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Yalikuwa yamepandishwa moja juu ya jingine mpaka darini, na vumbi lilikuwa linaelea kwenye mwanga wa dirisha. Chini niliona uwanja wa nyasi na watu wamekaa kivulini na sahani zao. Kaka Redio aliniwekea kiti. Kisha akaenda kufunga mlango.

"Kelele za nje," alisema.

Nilisoma ukurasa wa kwanza. Akasifu. Akasogeza kiti chake karibu, nikasoma wa pili. Akaushika mkono wangu, na nilipomaliza kusoma hakuuachia. Akasema nyumbani kwetu hakuna anayenielewa kama yeye. Akasema tukirudi atanifundisha kuendesha gari, sisi wawili, iwe siri yetu mpaka siku nitakapowashangaza wote. Sauti ilikuwa ileile iliyokuwa inafanya ukumbi mzima upenge kamasi, ila sasa aliishusha.

Sijui nieleze vipi. Kichwani nilikuwa bado nafurahi. Lakini mwili ulikuwa umeshafanya uamuzi wake. Mgongo ulikakamaa, na masikio yakaanza kufanya kazi yao ya zamani: nilianza kusikiliza hatua. Na nikazisikia. Ndala za mpira, nzito, zinapanda ngazi bila haraka na bila kusimama.

Mlango ulifunguka. Dobi alikuwa anahema, jasho linamtiririka. Alitazama kiti, akatazama kiti kingine, akatazama mkono.

"Chiriku, mwanangu, shuka chini. Fundi Saa yuko kwenye ngazi."

Kaka Redio alicheka kicheko chake kizuri. "Dobi, bwana! Utaniua kwa presha. Tunafanya mazoezi ya hotuba."

"Hotuba husikika hata mlango ukiwa wazi," Dobi alisema. "Wewe nenda ofisini. Kamati inakuja huko."

Nilishuka nikilia kwa hasira. Watu walikuwa wananitazama, au niliona kama wananitazama. Kwenye benchi nyuma ya jiko nilimgeukia Dobi nikapiga kelele, "Umeniaibisha! Umemwaibisha mtu aliyemwokoa baba yangu! Wewe unaona ubaya kila mahali!"

Alinipa maji, akasubiri ninywe. Fundi Saa alikaa upande wa pili wa benchi, mbali kidogo, anatazama viatu vyake.

"Nitakuuliza mambo machache," alisema Dobi hatimaye. "Usipotaka kujibu, usijibu. Kwanza ujue huna kosa." Akafikiri kidogo. "Kwa kumdanganya Kijiti una kosa dogo, hilo tutalimaliza wewe na yeye. Kwa haya mengine huna. Umenisikia?"

"Umejuaje niko kule?"

"Mezani mlikuwa kumi. Kijiti akasema umeitwa na baba yako. Na baba yako alikuwa mbele ya macho yangu, anapigilia misumari mguu wa benchi. Fundi Saa akasema amekuona ukielekea maktaba."

Nilijibu maswali yake kwa kichwa tu, ndiyo na hapana. Mimi, Chiriku. Aliyaandika majibu yangu kwenye karatasi, akanisomea, akaniuliza kama ndivyo nilivyosema. Kisha akamtuma mtu amwite Baba.

Baba alikuja na vumbi la mbao mikononi. Dobi alimweleza pembeni, nikaona mabega yake yanashuka. Alikuja akakaa chini kwenye majani, si kwenye benchi, kwa hiyo nikawa namtazama kwa juu.

"Sikuulizi alisema nini," alisema. "Ameshaniambia Dobi. Nauliza kitu kimoja tu. Alikwambia usimwambie nani?"

"Dobi."

"Na mimi?"

Alisubiri. Baba wa zamani hakuwa anajua kusubiri.

"Alisema nisikusumbue na mambo yangu," nilisema. "Alisema ukikasirika unaweza kurudi kwenye chupa. Halafu itakuwa ni kwa sababu yangu."

Baba aliziba uso kwa mikono yake. Alipoiondoa, vumbi la mbao lilikuwa limemganda mashavuni kwa machozi.

"Nilipokuwa nakunywa," alisema polepole, "na mimi niliwaambia msimwambie mtu. Unakumbuka? Nilikufundisha mimi mwenyewe kutunza siri za mtu mzima. Yeye amekuta shamba limeshalimwa." Akasimama kwa shida, akajipangusa magoti. "Nisikilize, binti yangu. Nikirudi kunywa, nimerudi mimi. Chupa nitaishika kwa mkono wangu huu. Wewe hutakuwemo. Hata kidogo."

Kamati ilikutana alasiri ile ile kwenye ofisi ya mkuu wa chuo. Mimi sikuwemo, ila madirisha yalikuwa wazi na Mama alikuwa amenikumbatia kwenye kibaraza cha pili. Baadaye Baba alinisimulia yaliyonipita.

Mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu mwema, mpenda amani. "Tusilikuze jambo," alisema. "Huyu bwana amewatoa watu wangapi shimoni? Ukimchafua yeye umekichafua kikundi. Kesho nani atakuja kwetu?" Wengine wakaunga mkono. Mama mmoja akasema kwamba wasichana wa siku hizi nao wana mambo yao. Hapo nilisikia kiti kinasukumwa.

"Msichana wa siku hizi ana miaka kumi na mitano," alisema Dobi. "Sisemi nisichokijua. Nasema ninachokijua. Amemwita mtoto peke yake. Amemwambia afiche. Amefunga mlango. Na utepe hana, na anajua kwa nini hana. Kanuni hizi si zangu, mlizipitisha ninyi kwa kunyoosha mikono. Au mlinyoosha mkijua hazitamfika mtu mnayempenda?"

"Na kama umekosea, Dobi?" aliuliza mwenyekiti.

"Nitamwomba radhi mbele ya watu wote mia tatu, kwa kipaza sauti. Yeye ni mtu mzima, ataumia, atasamehe au hatasamehe, atalala. Lakini nikimkosea huyu mtoto, nitamwomba radhi ya nini? Na lini?"

Kisha nikasikia Kaka Redio anasema kwa ile sauti, taratibu, kwamba yeye hana kinyongo na mtu, na kwamba aulizwe baba wa mtoto, kwa sababu baba wa mtoto anamfahamu.

Baba alikuwa si msemaji. Ukumbi wa mbele, mwaka mzima, alikuwa amesimama mara mbili.

"Huyu mtu alinitoa mtaroni," alisema. "Alinitembeza siku arobaini. Nikifa na mkipata jema moja la kusema juu yangu, nusu ni lake. Sitalikana hilo." Akakohoa. "Lakini mlango aliufunga yeye."

Kaka Redio aliondoka kongamanoni kabla ya chai ya jioni. Nilimwona akitembea kuelekea getini na begi lake begani. Watu wawili watatu walikuwa wanamsindikiza wakimshika mkono kama mfiwa. Dobi hakuishia hapo. Jumatatu alikwenda na karatasi yake ofisi ya ustawi wa jamii, akiwa na Baba na Mama, na wiki hiyohiyo afisa mmoja, dada mpole mwenye miwani, akaja kwetu kuongea nami, na Mama yumo chumbani.

Mwezi haujaisha, wasichana wawili wakubwa walimwendea Dobi kwa nyakati tofauti. Mmoja alikuwa wa chumba chetu cha nyuma miaka mitatu kabla yangu, mwingine alikuwa mwanafunzi wa udereva. Yaliyowapata yalikuwa mabaya kuliko yangu, na si yangu kuyasimulia. Kesi ilichukua mwaka na nusu, Kaka Redio akafungwa.

Siku Dobi alipotuambia wazazi na vijana habari za wale wasichana, alisimama mbele ya ile picha ya kuku, na kwa mara ya kwanza tulimwona akilia. "Huyu wa kwetu aliacha kuja," alisema. "Nikajiambia amekua, amechoka na vikao. Sikumfuata. Shuka langu lilipungua nikasema litaonekana." Hakuna aliyemwita Askari tena baada ya siku ile, wala Kijiti hakurudia igizo lake.

Kikundi kiligawanyika. Nusu ya watu walihama na mwenyekiti, wakaanzisha vikao vyao upande mwingine wa mji, na ukumbi wa mbele ukawa na mwangwi. Baada ya miaka miwili mwenyekiti alirudi peke yake. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, na kikao kilipokwisha alikwenda kumsubiri Dobi mlangoni, kofia mkononi. Sijui walisemezana nini. Walitoka wakiwa wamebeba viti pamoja.

Na mimi? Mimi, tangu siku ile Dobi alipolia, sikurudi kwa miezi minne. Hili watu hawalielewi nikiwasimulia, kwa hiyo huwa silisimulii sana. Nilimkumbuka. Nilikumbuka vichekesho vyake, na kile kikombe ambacho Mama alikitoa kabatini akakifunga kwenye gazeti, asijue akitupe au akiweke. Nilikuwa namchukia na kumkumbuka kwa moyo mmoja, na niliona lazima kuna kitu kibaya ndani yangu.

Kila Alhamisi Dobi akitoka kazini alipita kwetu. Alikaa uani na Mama, wakachambua mboga, wakazungumza bei za vitu na magonjwa ya miguu. Mimi hakuniuliza kitu. Alisema tu, "Hujambo, mwanangu," na "Haya, kwaheri." Nilikuwa nakaa karibu nao najifanya nasoma. Alhamisi moja Mama alikwenda kufungua mlango wa mbele kwa mgeni, maneno yakanitoka.

"Namkumbuka. Na nachukia kwamba namkumbuka."

Dobi hakuinua macho kwenye sinia. "Hata mimi," alisema. "Alikuwa ananichekesha sana. Na alimponya baba yako kwelikweli, na aliwaumiza wale watoto kwelikweli. Nimejaribu kulifuta moja libaki jingine. Hayafutiki, mama." Akanisogezea fungu la mboga. "Shika kisu. Unakaa bure."

Jumamosi iliyofuata nilirudi kwenye viti vya kitoto. Nilikuwa nimerefuka, magoti sasa yalinipita kidevu. Kijiti alinitazama, akasema, "Umeitwa na baba yako mpaka leo?" na chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka kuliko wote, na uongo wangu ukasamehewa hivyo.

Miaka imekwenda. Mimi ni mtu mzima mwenye duka la vifaa vya shule. Baba aliishi miaka kumi na tisa zaidi bila kuonja hata tone, akafa akiwa na penseli sikioni. Kijiti yuko mbali, ana watoto watatu na si mwembamba tena, ila jina limemganda. Fundi Saa alifariki usingizini. Chumba cha nyuma hakipo. Ukumbi ulivunjwa, wakajenga maghala.

Mwaka jana nilikwenda kumwona Dobi. Anaishi kwa binti yake, magoti hayamruhusu tena kupanda ngazi, na kumbukumbu zake zinakuja na kuondoka. Mara ananijua, mara ananiita kwa jina la dada yake. Alikuwa amekaa kibarazani juani. Nilimletea mkate wa maziwa, tukauchovya kwenye chai, na alipoanza kuniuliza juu ya watu wa zamani nilijikuta namsimulia siku ya mwisho ya kongamano lile. Si kesi, si ofisi. Nilimsimulia juu ya mashindano ya kuvuta kamba.

Maana siku ile, licha ya yote, ratiba ilisema kamba, na kamba ikavutwa. Kijiti alikuwa ametoka kusema jukwaani badala yangu, bila daftari. Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha, uwanja ni tope tupu. Vijana upande huu, watu wazima upande ule. Mimi sikutaka kucheza, nilikuwa nimekaa pembeni nimenuna. Fundi Saa, mzee wa watu, alivua viatu, akavua soksi, akazikunja vizuri, akanipa nimshikie, akaenda kushika kamba mbele kabisa. Vijana walipowavuta, yeye ndiye aliyekwenda chini wa kwanza, uso mzima kwenye tope. Watu wakakimbia wakidhani ameumia. Akageuka chali, akabaki amelala pale, na akacheka. Kicheko kikubwa, cha ajabu, ambacho hakuna aliyejua kwamba anacho. Alicheka mpaka wazazi wetu wakaachia kamba wakaanza kucheka, na Baba akakaa chini topeni kwa makusudi, na Dobi akawa amesimama ameshika kiuno, anasema, "Na nani atazifua hizo nguo? Hebu niambieni. Nani?"

Dobi alinisikiliza mpaka mwisho, kipande cha mkate mkononi.

"Mimi nilikuwepo?" aliuliza.

"Ulikuwepo. Ulicheka mpaka ukashikilia mti."

Alitikisa kichwa kwa mshangao, kama mtu aliyepewa zawadi ya mtu mwingine.

"Hilo silikumbuki kabisa," alisema, akajiweka sawa kwenye kiti. "Nisimulie tena. Anzia alipovua soksi."